Mtani Aliyeniita Dada

Mpaka leo sijaelewa mtu mwenye akili zake timamu anapanda mlima kufuata nini. Nimewapikia wageni kule kwenye hifadhi ya vilimani misimu kadhaa, nimewauliza kwa mdomo wangu huu, na jibu ni lile lile: tunapanda ili tufike juu. Haya, mkishafika juu? Tunashuka. Na huko juu mnachuma nini? Hatuchumi kitu, mama, tena ni marufuku. Loo! Basi nikanyamaza nikakoroga wali wangu, maana ukiuliza sana unaonekana mshamba.

Mimi ni Mndengereko, mzaliwa wa Ruaruke, nimekulia mabondeni. Kwetu kilima kirefu kuliko vyote ni tuta la muhogo. Aliyenipeleka huko kwenye vilima, ng'ambo ya daraja la Ndundu, ni mtani wangu, Mmatumbi mmoja anayekaa Ikwiriri, kazi yake kuongoza wageni njiani. Wakubwa wa hifadhi walipotafuta mpishi, akawaambia: "Yuko mwanamke mmoja, sura yake mtaivumilia tu, lakini chakula chake mtalamba vidole." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, kwa kutukanwa.

Sisi na Wamatumbi ni watani tangu mababu. Mtani anakutukana mbele za watu, nawe unamtukana, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Akija kwako akakuta kitu kimemvutia, anachukua mchana kweupe, nawe huna pa kushtaki. Na kilichochukuliwa hakirudi. Kukirudisha ni kama kusema utani umekwisha, sasa tu watu baki. Sikukuu ya Idi iliyopita huyu bwana alikuja kwangu, akala pilau mpaka akalegeza mkanda, kisha akanikamatia kuku wangu mweusi, yule aliyekatika kidole mlangoni, kuku wa mayai kila siku. Akamkumbatia kwapani akaondoka anaimba. Nikamfukuza na mwiko hadi barabarani huku majirani wanashangilia. Niliumia, wallahi, lakini nilicheka.

Basi huyo ndiye niliyekuwa nikipanda naye mlima. Kutoka getini mpaka kambini ni matusi mtindo mmoja. Ananiita Bi Kambare. Anawaambia wageni, "Mtazameni vizuri, huyu akikaa nchi kavu muda mrefu anakauka, mmwagieni maji." Nami namwita mtu wa pangoni, nawaambia wamhesabu mara kwa mara, akikutana na nyani wenzake atahamia. Wageni wengine hucheka, wengine hutuangalia kwa woga. Mmoja aliwahi kunivuta pembeni akaniuliza kama nataka asaidie kutupatanisha.

Mambo ya wale wageni sasa. Siku ya kwanza waliniambia asubuhi kuna kutazama ndege. Mimi nimekua juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachojenga mashambani wakati mpunga unatoa masuke. Kazi yangu tangu nina meno ya utoto ni kuamia ndege: kupiga debe, kurusha udongo, kupiga kelele mpaka sauti inakauka, maana ukisinzia kidogo tu, nyumbani hakuna chakula. Na hawa nao wamelipa nauli kutoka Dar, wamevaa miwani mikubwa shingoni, wananong'ona ili ndege wasishtuke! Nikawafuata nyuma na birika la chai. Mara kundi zima likatua mtini mbele yetu. Mwenzangu, mdomo haukuniuliza. Nilipiga ukelele mmoja, "Haaaaa! Hooo!", na birika nikaligonga kwa kijiko. Halikubaki hata nyoya. Wale watu walinigeukia kama nimemwaga mboga. Mtani wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisimama pale sijui niombe radhi kwa nani, kwa wageni au kwa ndege.

Halafu kuna kuoga kwenye maporomoko, wanaingia maji ya baridi na nguo zao, wanapiga mayowe, wanasema raha. Kuna kuamka alfajiri kutazama jua linachomoza, jua lile lile linalochomoza Ruaruke bila kiingilio. Na kuna machela. Wanafunga kitambaa kati ya miti miwili, mzima wa afya anajitupa humo, anabembea na simu yake. Hilo sikulipenda kabisa. Kwetu machela ni ya kumbebea mgonjwa. Nikawaambia watoke, mbona wanajitabiria mabaya. Wakacheka. Mtani akasema, "Mwacheni Bi Kambare, yeye amezoea kubebwa kwa ndoo."

Safari ninayotaka kuisema tulikuwa na vijana wa ofisini, waungwana tu, wana fimbo za kupandia na viatu vizito. Tulipanda salama. Juu kabisa mtani akawaonyesha bonde lote, mto unavyojikunja, akawaambia, "Mnaona lile tope kule? Huyu ndiko walikomvua." Tukala, wakapigana picha, tukaanza kushuka.

Njiani akawa anabaki nyuma. Hiyo haikuwa tabia yake, yeye hutangulia. Nikageuka nikampigia kelele: "We mtu wa pangoni, unatambaa nini? Au umeona ndugu zako mtini unawaaga?"

Akasimama. Akanitazama. Akasema, "Samahani, dada. Naomba nipumzike kidogo."

Nikacheka, nikangoja sehemu ya pili, maana lazima ilikuwa na sehemu ya pili. Haikuja. Alikaa juu ya jiwe, akapangusa uso. Nikasema moyoni, leo amekuja na mpya, anataka nijisahau kisha anipige na kubwa. Nikamtupia jingine, zito zaidi, la mama yake na namna alivyomwokota, ambalo siwezi kuliandika hapa. Tusi hilo kila mara hulijibu kabla sijalimaliza.

Akasema, "Ndiyo, dada. Asante."

Binti mmoja wa wale wageni akapiga makofi. "Jamani, afadhali leo mnaheshimiana!"

Ndipo mwili ukanisisimka. Wote pale waliona mtu mstaarabu amekaa juu ya jiwe. Mimi nilimwona mtu amepotea. Tangu tufahamiane, kwenye harusi, kwenye misiba, hata siku namzika baba yangu alipokuja akalala mbele ya jeneza akidai njia haipitiki mpaka apewe chochote, hajawahi kuniita dada. Hajawahi kuniambia asante. Lakini nitawaambiaje wageni? Niseme mwenzetu anaumwa kwa sababu ana adabu? Nikampa kikombe cha maji. Akakipokea kwa mkono wa kushoto, kikaponyoka, naye hakukitazama. Alikuwa bado ameukunja mkono kama amekishika. Mdomo wake upande mmoja ulikuwa umeshuka.

"Fungueni hiyo machela yenu!" nikapiga ukelele. "Fungueni upesi, mnashangaa nini?"

Nashukuru vijana wale walikuwa na nguvu. Walikata mti wakaupitisha, ingawa kukata mti ni marufuku na wao ndio waliokuwa wakinikumbusha kila siku. Tukamweka ndani, wakambeba kwa kupokezana, mteremko ule wa mawe, wakiteleza, wakijikwaa. Mimi nilishika mguu wake nikatembea ubavuni. Na nilimtukana njia nzima. Nilimtukana kwa kila nilichokijua na nilichokizua. Nilimwambia mzito kama gunia la mawe, nilimwambia hata kufa hajui, nilimwambia akithubutu kufa nitamzika tope la Ruaruke, kambare wamle. Sikuwa na akili nyingine. Niliona nikinyamaza ataondoka, na akinijibu hata neno moja tu, basi amebaki.

Yule binti alikuwa analia. "Mama, tafadhali, mhurumie mgonjwa."

"Ndiyo namhurumia!" nikamjibu. Sidhani kama alinielewa. Sijui hata kama nilijielewa mwenyewe.

Hakujibu tusi hata moja. Kila nikinyamaza kuvuta pumzi nilisikia sauti ndogo kutoka mle machelani: "Pole, dada. Pole kwa usumbufu."

Gari la hifadhi lilituvusha Ndundu mpaka hospitali. Daktari akasema ni kiharusi, akasema tumemwahi. Mkewe akaja, ndugu zake wakaja, na siku zilivyokwenda akaanza kukaa, akasimama, akatembea na fimbo. Kila mtu alisema alhamdulillah, amepona. Nami nilisema alhamdulillah. Lakini ndani yangu kulikuwa na swali ambalo sikuwa na pa kulipeleka. Amepona nani?

Aliporudishwa nyumbani Ikwiriri nilimwendea. Nilijiandaa, nikaingia uani bila hodi kama kawaida yetu. "Yuko wapi huyo nyani mlemavu? Nimesikia mmeleta maiti inayokula!" Majirani wakaanza kucheka, maana wanatujua. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Akainua mkono wa kulia akaniamkia vizuri, akauliza habari za wanangu, mmoja mmoja. Akamwambia mkewe anitafutie kiti. Kicheko cha majirani kikakatika. Nilikunywa uji kwa adabu kwenye kiti kile, moyo unaniuma. Nilitamani mtu huyu aondoke anirudishie yule mwingine, na papo hapo nikaona haya, maana huyu ni mtu mzima, hai, na watoto wake wanamhitaji hivyo hivyo alivyo.

Nilipoaga nikaona jogoo wake, mwekundu, mkia mrefu, fahari ya uani. Jogoo huyo mtani alikuwa akimwosha miguu kwa mikono yake, wallahi. Nikasema, leo hapa ndipo nitakapomjua. Nikamkamata mbele ya macho yake, nikamning'iniza miguu juu, jogoo anapiga kelele kama anachinjwa. "Namchukua!" nikasema. "Una la kusema?"

Akasema, "Mchukue tu, dada. Karibu tena."

Nikaondoka na jogoo. Barabarani nilitembea taratibu, nikitega sikio nyuma, labda nitaitwa mwizi. Hakuna aliyeniita.

Sikumchinja. Nilimfunga uani, nikamlisha pumba, nikangoja. Nilijiambia mtani wangu yumo humo ndani ya yule mstaarabu, amekwama tu, siku moja wivu wa jogoo utamtoa. Hifadhi wakanipigia simu, kuna wageni wanataka kupanda, nije nipike. Nilienda. Kiongozi mpya ni kijana msomi, anajua kila ndege kwa jina, ananiita mama mpishi. Nilipanda mlima ule mdomo nimeufunga. Juu kabisa wageni wakatazama bonde wakasema kuzuri, na kwa mara ya kwanza nikawaona wana bahati, wao wanapanda ili wafike juu basi. Mimi nilikuwa natafuta mtu.

Niliporudi nyumbani nikamkuta mke wake barazani ananisubiri, ana kikapu kimefunikwa kanga.

"Mume wangu kanituma," akasema. "Kasema nikupe hiki. Kasema huyu ni wako, na kasema asante sana."

Nikafunua. Kuku mweusi. Nikamgeuza mguu: kidole hakipo. Ni kuku wangu yule yule wa Idi. Kumbe hakumla! Kumbe siku zote hizo nikimlilia kuku wangu, alikuwa anatagia uani kwake.

Nikakaa chini. Kilichochukuliwa na mtani hakirudi. Ama mtu huyu anafunga hesabu zake, ananiaga, ananiambia utani umekwisha. Ama amenichezea utani ambao haujawahi kuchezwa na yeyote, wa kumnyang'anya mtu kuku wake, kisha kumpa kuku huyo huyo zawadi, na asante juu. Vyote viwili vilikuwa mle mle kikapuni, na kuku ananitazama tu.

Nikamshika mkono yule mwanamke. "Mwenzangu, nakuomba, kumbuka vizuri. Alipokuwa anakwambia maneno hayo, alikuwa anacheka?"

Akafikiri. Niliona anajitahidi kweli, anarudi kwenye ule mkeka, anautazama ule uso.

"Mwenzangu," akasema, "mdomo ule tangu mlimani umekaa upande. Akicheka ndivyo hivyo, akihuzunika ndivyo hivyo. Mimi mkewe sijui. Usiku namtazama akilala, najiuliza kama wewe."

Tukalia wote wawili pale barazani, kila mtu na lake. Kisha akafuta machozi, akaniuliza nimpe salamu gani, na kama kuna kitu nataka kurudisha. Alisema hivyo akimtazama jogoo.

Kuku nilimpokea, ni wangu. Nikamwambia amwambie mumewe hivi, asipunguze neno: jogoo simrudishi ng'o. Akimtaka, aje mwenyewe na fimbo yake, asimame hapa mlangoni, anitukane.