Dakika Ishirini za Alasiri

Kosa langu la kwanza katika mambo ya sinema lilikuwa kudhani kwamba nilikuwa nimeziona. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na nilizungumza kuhusu waelekezi maarufu wa sinema za ngumi kama mtu anayezungumza kuhusu binamu zake. Nikisema fulani anasifiwa bure, wenzangu walikubali. Hadi leo nikisikia harufu ya petroli iliyochanganyika na chai ya tangawizi, hugeuza njia, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya ukumbi wa video wa Adeer Warsame: jenereta mlangoni, kibanda cha chai nyuma, na katikati sisi, vijana thelathini tumebanana juu ya mabenchi, tukinuka jasho na vumbi la Isiolo. Nimeiandika aya hii mara kumi na moja. Mara kumi za kwanza nilijifanya mtoto mzuri.

Warsame tulimwita Adeer, kama mtu anavyomwita baba yake mdogo, ingawa wengi wetu hatukuwa na undugu naye. Ukumbi wake ulikuwa chumba cha mabati kisicho na dirisha, si mbali na soko la mifugo, na siku za soko mbuzi walilia nje mpaka ukadhani wamo ndani ya sinema. Jumamosi na Jumapili picha ilianza saa nane na nusu mchana. Alituwekea zile zilizotiwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, mtu aliyepayuka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuacha kitu. Mtu akifungua mlango, mtafsiri alisema anafungua mlango. Mtu akilia, alisema analia, akatuambia na sababu. Tulimcheka, lakini bila yeye nusu yetu tusingeelewa neno, maana Kiingereza chetu kilikuwa cha kujibu maswali ya mtihani tu.

Adeer alikuwa mtu wa dini na hakutaka mchezo. Karibu saa kumi, adhana ya alasiri ikianza, alisimama mbele ya runinga na kupiga makofi. "Haya, nje! Wote! Hakuna mtu atakaa hapa kuangalia ngumi wakati watu wanaswali!" Sisi Waislamu tulielekea msikitini, wenzetu Wakristo wakavuka barabara kukaa kivulini mwa maduka ya miraa, naye akazima runinga, akapunguza sauti ya spika za deki, akafunga mlango kwa kufuli. Tukirudi aliwasha runinga na kusema, "Iko palepale." Tulimwamini. Nani angembishia mtu aliyetoka kuswali safu ya mbele?

Mabishano yalifanyika baadaye, picha ikiisha, juu ya ukuta mfupi wa mawe mbele ya ukumbi. Tulikuwa na waelekezi wetu wawili wakubwa. Majina yao yalitushinda kutamka, kwa hiyo mmoja tulimwita Mvua, kwa sababu watu wake hawakupigana hadi mvua inyeshe, na wa pili tukamwita Ngazi, kwa sababu kila mtu wake lazima aanguke kwenye ngazi. Kambi ya Ngazi ilikuwa yangu. Nilikuwa na daftari lenye mistari niliyoichora kwa rula, kila sinema na alama zake, na nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima na kuanza upya. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe, na nilijivunia hilo vibaya sana. Hoja yangu dhidi ya Mvua ilikuwa moja: watu wake hubadilika bila sababu. Kama picha yake ya Jumamosi moja: nusu ya kwanza polisi anamwinda mwizi, anataka kumla mbichi. Nusu ya pili wanapigana bega kwa bega, wanaitana ndugu. "Huyo dairekta ni bure kabisa," nilisema. "Anajua kunyesha tu. Akili hakuna." Wenzangu wakagonganisha viganja.

Halima alikuwa mtoto wa mama mwenye kibanda cha chai nyuma ya ukumbi, na tulisoma naye darasa moja. Wasichana hawakuingia video. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila hata kuuliza hakuna aliyeuliza. Jumamosi ile alikuja kukusanya vikombe tulivyokunywea, akasimama na sinia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini sababu ilikuwepo. Walienda kwa mama. Mama ndiye aliyewaambia ni ndugu."

Nikacheka mimi kwanza. "Mama yupi?"

"Mama yao. Yule mgonjwa. Aliwapikia, wakakataa kula kwenye sahani moja."

"Hakuna mama kwenye hiyo picha! Wewe umeiona wapi na hata mlangoni hujawahi kufika?"

"Nimesikia."

"Umesikia! Dada, peleka vikombe. Usituletee hadithi za jikoni."

Wote wakaangua kicheko, na mmoja, Ekai, ambaye nyumbani kwao ni Burat na alikuwa na sauti kama ya tarumbeta, akaanza kuimba, "Mama yupi? Mama yupi?" Halima aliniangalia mimi, si Ekai. Akasema, "Sisemi uongo, Jarso," akaondoka na sinia. Nilimpa jina hapohapo. Kabla ya wiki kuisha, mji mzima wa watoto ulimwita Mama Yupi: dukani, kisimani, kwenye foleni ya shule. Aliacha kuja kuchukua vikombe; tulivirudisha wenyewe.

Wiki mbili baadaye Adeer aliirudia picha hiyohiyo kwa sababu watu waliiomba. Siku hiyo sikwenda. Wageni walikuwa wamefika kwetu kutoka Sericho, wamechoka na safari, na mama alinizuia nyumbani nimwagie wazee maji ya kunawa. Tuliswali na wageni mara tu baada ya adhana, kisha mama akanituma mbio nilete mandazi kwa mama Halima. Nikafika kibandani wakati wenzangu bado wako msikitini. Kibanda na ukumbi vilitumia ukuta mmoja wa mabati. Upande wa mbele jenereta lilifunika kila kitu, lakini huku nyuma, nikiwa nimeshika bakuli la mama, nilimsikia mtafsiri vizuri kabisa, sauti ndogo, anapayuka ndani ya chumba kitupu kilichofungwa kwa kufuli: "Mama analia sasa! Anamwambia, kijana, huyu unayemwinda ni damu yako! Polisi anaangalia chini! Hataki kula!"

Halima alikuwa anaosha vikombe pale chini, karibu na ukuta. Hakuinuka. Alinyoosha tu kidevu kuelekea mabati, kama mtu anayekuonyesha nzi. Nilielewa yote mara moja. Deki haikusimamishwa. Kila Jumamosi na kila Jumapili picha iliendelea yenyewe dakika ishirini gizani, na sisi tulirudi na kukaa na kudhani iko palepale. Zile dakika ishirini ndizo zilizokuwa na mama, na sababu, na machozi, katika karibu kila sinema ya Mvua, kwa sababu mtu yule aliweka moyo wa kazi yake kabla tu ya mapigano ya mwisho. Ngazi hakuwa na moyo wa kukatwa, ndiyo maana hakupoteza kitu. Daftari langu lote lilikuwa takataka. Na mtu pekee Isiolo nzima aliyezijua sinema hizo kwa ukamilifu hakuwahi kuona hata picha moja.

Nilimfuata Adeer kesho yake, tukiwa wawili tu. Hakuona aibu. Alisema kitufe cha kusimamisha kilikufa zamani, na akizima deki picha inaanza mwanzo, watu wanapiga kelele. "Kijana, nyinyi mlikuja kuona ngumi. Kuna ngumi mmekosa?" Nikasema hapana. "Basi." Nilikasirika, na bado nina hasira naye, mzee mcha Mungu aliyetoka kuswali na kutuambia iko palepale. Lakini hasira hiyo ni ya kujificha. Adeer hakumwita mtu yeyote mwongo.

Mimi nilijua sasa, na Halima alijua kwamba najua. Alingoja. Jumapili alipita mbele ya ukuta wetu bila sababu yoyote, polepole, akanitazama. Nilikuwa na sentensi tayari kichwani. Niliipanga vizuri, nikaibadilisha, nikaona bado haijakaa sawa, nikajiambia nitaisema Jumatatu ikiwa imekamilika. Ekai akaita, "Mama Yupi!" Nikatazama daftari.

Muhula huo mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa anatafuta mwanafunzi wa kusimulia hadithi siku ya wazazi. Kila mtu darasani alijua nani anaweza. Halima alikuwa anasimulia tangu darasa la pili. Angekuelezea jinsi mbuzi alivyoruka ua ukamwonea mbuzi huruma. Mwalimu akamwita mbele. Akasimama, akashika mikono nyuma, akaanza hadithi yake ya mama aliyekuwa na wana wawili. Hakumaliza sentensi. Kutoka benchi la nyuma ikaja, "Mama yupi?" na darasa lote, watoto hamsini na kitu, likalipuka. Mwalimu alipiga meza, akadhani ni utundu wa kawaida. Halima alisimama pale muda kidogo, macho yake kwangu. Nilikuwa benchi la pili. Neno moja lingetosha: ni kweli. Nilikuwa nalo mdomoni, na sikulisema, kwa sababu ningeulizwa tangu lini najua. Akarudi kukaa. Hadi tunamaliza shule ya msingi sikumsikia tena akisimulia chochote, hata akiulizwa safari yake ya likizo.

Sasa nina umri wa miaka ishirini na minane. Ninahariri video za harusi, na hadi majuzi niliandika maoni kuhusu sinema kwenye simu, kwenye kundi la wale wale wa ukuta mfupi wa mawe na wengine walioongezeka. Bado tunabishana kama Mvua na Ngazi wanasifiwa bure. Watu wanatukanana kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake wameitazama vipande vipande, huku wanaendesha boda, na wanatoa hukumu kama makadhi. Mwaka huu niliitazama picha ile yote, nimekaa peke yangu mchana. Mama yumo. Anapika. Wanakataa kula sahani moja. Ni kama alivyosema Halima, sahani kwa sahani. Niliisimamisha nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya watu.

Halima anauza maziwa ya ngamia na mama yake sokoni. Nilimwendea nikamwambia yote. Alinisikiliza akiendelea kumpimia mteja.

"Nilijua nilichosikia," alisema. "Sikuhitaji wewe uniambie. Nilihitaji useme siku ile darasani."

"Najua. Nisamehe, Halima."

"Mimi sikucheka. Waambie waliocheka."

Niliwaambia, kwenye kundi, bila kurekebisha hata herufi: kwamba mama alikuwepo, kwamba Halima alisema kweli, kwamba mimi nilijua baada ya wiki mbili na nikanyamaza. Wakacheka sana. Ekai akaandika, "Wee! Kumbe mama alikuwepo!" Mwingine akauliza, na ninamnukuu alivyo, "Kwa hivyo Mvua si bure?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza Halima yuko wapi. Niliwajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikatoka kwenye kundi.

Siandiki tena kuhusu sinema. Asubuhi nikipita sokoni humpa Halima salamu, naye huitikia na kuendelea na kazi yake. Hajanisimulia kitu.