Mhogo wa Kulinganishia

Wivu wangu kwa Pendo ulianza Jumamosi, saa tatu asubuhi, mvua za vuli zilipokuwa zimeanza tu na mimi nikiwa darasa la tano, na ulinukia udaga. Mama alikuwa amefunua mihogo aliyoivundika chini ya majani ya migomba nyuma ya jiko. Ilikuwa imeota ukungu mweusi kama manyoya ya paka, na harufu yake kali, kama pombe iliyolala, ilikuwa imejaa uani. Watu wa mjini huikimbia harufu hiyo. Sisi wa Ukerewe tukiisikia tunajua ugali upo. Tulikuwa tunakwangua ukungu kwa visu wakati mwenyekiti wa kitongoji alipoingia na wataalamu wawili wa utafiti wa mihogo, mwanamume mmoja na dada mmoja mwenye buti za mpira. Walitafuta shamba la kujaribia mbegu mpya zinazovumilia ukame na magonjwa. Letu lina mawe, na kichuguu katikati. Walilitazama, wakashukuru, wakavuka ua wa minyaa kwenda kwa mama mkubwa Regina, dada yake mama, ambaye shamba lake ni tambarare kama meza. Nikamsikia Pendo, binti yake, rika langu na darasa langu, akiwapokea kwa "shikamooni" iliyofika mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, na sikuwa nimewaamkia hata kwa kunong'ona.

Baadaye yule dada wa buti alirudi peke yake, moyo wangu ukaruka. Alitaka pingili za mbegu ya mama, ile aliyoachiwa na bibi, ambayo tuliiita mhogo wa bibi kwa kuwa hakuna aliyejua jina jingine. Alisema wataipanda katikati ya mbegu zao, iwe ya kulinganishia. Mama alikata pingili huku akiimba wimbo wa kwaya, akachagua zilizonona, akazifunga kwa kamba ya mgomba kama anayempeleka binti kwa wakwe. Wiki nzima aliwaambia watu kisimani kwamba mbegu yake imeitwa kwenye utafiti. Na mimi nilitembea shuleni kidevu juu, hadi Pendo aliponisimamisha mbele ya wenzetu wakati wa mapumziko. "Vero, usijidanganye," alisema, akitafuna muwa. "Dada ametueleza. Ya kwenu imewekwa pale ili ishindwe. Wataonaje kwamba zetu ni nzuri bila mbaya ya kulinganishia?" Wenzetu wakacheka. Mama sikumwambia.

Basi mwaka ule wote niliishi na macho yangu ng'ambo ya ua. Dada wa buti akija kupima, Pendo ndiye aliyeshika fimbo ya kupimia, Pendo ndiye aliyevalishwa kofia yenye ukingo mpana, Pendo ndiye aliyeitwa "mtafiti wangu mdogo". Mama mkubwa akawa haongei tena ila kwa Kiswahili cha mikutano: "Hapa kwangu, kwenye shamba ra utafiti..." Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, lakini hawakusema ufanyeje ukiwa unaiona kila jioni ukichota maji. Kisha mvua za masika zikatusaliti. Zilinyesha kidogo, zikakata, upepo wa ziwani ukaja mkavu na kuinua vumbi. Mbegu zao mpya zilipewa namba tu, na mihogo namba tatu, mbegu ya kujivunia ya Pendo, ilikunja majani mchana na kuyafungua jioni kama mtu aliyejipumzisha. Mhogo wa bibi ulikuwa na mabaka ya njano, ukisinyaa katikati ya wageni wake. Nikiri tu, nilimwomba Mungu alete mbuzi. Siyo wengi, mbuzi mmoja mlafi mwenye kupenda namba tatu. Mbuzi walipita kila siku na hakuna aliyegeuza shingo.

Vuli iliporudi, waling'oa. Namba tatu ilitoka na mizizi minene kama mapaja ya mtoto, watu wakapiga vigelegele. Ya kwetu ilitoka kwa nje mizima, lakini dada alipoipasua, ndani ilikuwa na madoa makavu ya kahawia, kama gome. Ugonjwa wa michirizi, alisema taratibu. Mama aliokota kipande, akakinusa, akakiweka chini. Kwa kuwa hakuna anayemshinda kwa udaga, ndiye aliyepewa mihogo yote avundike, mpaka ile michache ya kwetu iliyosalimika, kila namba na fungu lake. Wiki mbili baadaye akasonga ugali wa kila mbegu. Watu walionja, kisha kila mmoja akapewa punje ya hindi aitumbukize kwenye bakuli la mhogo anaotaka kuupanda. Wengine hawakujua bakuli lipi ni la mbegu gani. Mama alijua, na mimi nilijua. Ugali wa bibi ulikuwa mtamu kuliko wote, mlaini, na wazee walikuwa wakiurudia mara ya tatu. Nikahesabu kwamba leo tunashinda. Zamu ya mama ikafika. Akanyoosha mkono, punje ikalia kwenye bakuli la namba tatu.

"Mama, umekosea bakuli," nikamnong'oneza.

"Sijakosea."

"Lakini wa bibi—"

"Ladha ya mama yangu naijua, Vero, haihitaji punje yangu. Wewe na wadogo zako mtakula nini mwezi wa pili?" Akajifuta mikono kwenye kanga. "Kesho alfajiri nenda kwa mama yako mkubwa ukaombe pingili."

Kwetu pingili haziletwi nyumbani kama mchango wa msiba. Mwenye kuzitaka huzifuata mwenyewe na kuziomba kwa mdomo wake, maana inasemwa mbegu isiyoombwa haioti. Na mama alitaka mdomo uwe wangu.

Sasa nipo kidato cha tatu, nakaa kwa shangazi Buswelu, ambako jirani akisikia udaga anafunga dirisha. Nyumbani wanapanda namba tatu tupu. Wadogo zangu wanashiba mwezi wa pili kama mwezi wa nane, na nikiwasimulia uji mwembamba tuliokuwa tukiunywa wanadhani nawatania. Ninawaonea wivu wao pia. Lakini hawaujui ugali wa bibi, na mimi nikitumwa sokoni Igoma naonja unga wa kila meza mpaka wauzaji wananifukuza. Bado sijaupata. Pendo anasema atasomea kilimo, na najua ataweza. Wivu wangu kwake haujafa, umekonda tu.

Asubuhi iliyofuata ile siku ya kuonja, nilivuka ua kabla jua halijatoka. Nilisimama uani kwao nisiweze hata kubisha hodi. Pendo akatoka na mswaki mdomoni, akanitazama. Nikasubiri acheke.

"Umekuja kuomba?"

"Ndiyo. Naomba pingili." Sauti ilitoka kama ya mbuzi.

Hakucheka. Alichukua panga, akaingia shambani, akaanza kukata za katikati ya shina, zilizokomaa, zenye macho mengi, akitupa kando kila iliyochubuka. Akanifungia mzigo, akanitwika. Nilipofika nyumbani niliumwaga chini nikazikagua moja moja, nikitafuta japo moja mbovu nimwonyeshe mama. Haikuwepo. Nikachukua jembe.