Risasi kwenye Mizani ya Mbaazi

Mimi ni mtu wa kujisifu, sikatai. Mama alikuwa akisema mdomo wangu ulizaliwa siku mbili kabla yangu, ukazunguka kwa majirani kutangaza kwamba ninakuja. Basi wacha nijisifu kidogo ndipo niseme aibu yangu. Kabla Serikali haijafunga uwindaji, mimi nilikuwa mfuata nyayo. Kule Kitui, upande ule mkavu ambako mtu hutembea kutwa bila kuona moshi wa jiko, nilimfuata ndovu mmoja siku tatu kwa ufa mdogo uliokuwa kwenye wayo wake. Tajiri wangu alikuwa nyuma yangu na bunduki, na kwa siku hizo tatu hakuniuliza hata mara moja kama nimepotea. Aliniamini tu. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho.

Tajiri huyo alikuwa Mzungu mwenye ranchi karibu na Malili. Kiswahili alijifunza kwetu sisi Wakamba, kwa hivyo alikuwa na makosa yetu yote na hakujua. Uwindaji ulipofungwa hakunifukuza. Alinipa ng'ombe nichunge. Miaka ikapita nikifuata nyayo za ndama waliotoroka, na ndama, nikuambie ukweli, hana siri yoyote. Nilichukia kila mmoja wao. Wenzangu walinitania, "Mzee wa ndovu, leo umekamata maziwa?" Nilikuwa nikitukana, halafu nikienda zangu kando nilikuwa nikisikia uchungu kweli.

Asubuhi moja tajiri akaniita kwenye veranda. Alikuwa amepata kazi ya kuwaongoza wageni kuwinda nyati Zambia, na alitaka mfuata nyayo wake mwenyewe.

"Tutaenda kwa ndege," akasema, kama mtu anayesema tutaenda kwa trekta.

Asi! Nilikaa chini pale pale sakafuni. Mimi, mtoto wa Mbooni, ambaye safari yangu ndefu kabisa ilikuwa kwa lori la mchanga, nipande ndege?

Lakini kulikuwa na sharti. Tajiri alikuwa na karatasi ya shirika la ndege, akanisomea polepole. Risasi haziwekwi pamoja na bunduki. Haziingii na mtu ndani, zinakaa chini kwenye mizigo. Zinataka sanduku gumu lenye kufuli, na ndani yake risasi isicheze wala kugusana na mwenzake. Na kila msafiri ana haki ya kilo tano, basi. Akakunja karatasi. "Kazi hii ni yako," akasema. "Kukiwa na kosa moja tu juu ya risasi, hatuendi, si mimi, si wewe." Nilijua hakutania. Na nilijua nikikosa safari hiyo, nitazikwa nikiwa mchunga ndama.

Nilifanya ile kazi kwa heshima ambayo sikuwahi kuipa kitu kingine. Tajiri alifungua stoo ya bunduki, akakaa mlangoni na magazeti yake, mimi nikaingia ndani. Nilitengeneza masanduku mawili ya mbao, moja lake na moja langu, kwa sababu na mimi nilikuwa msafiri, nilikuwa na kilo tano zangu! Ndani niliweka vibao nilivyotoboa matundu kwa keekee, kila risasi na tundu lake, chini nikatandika vipande vya blanketi kuukuu. Zilikuwa risasi za nyati, nene kuliko kidole gumba changu. Miaka yote nilizibeba mfukoni zikigongana kama njugu, sijali. Siku ile nilizishika moja moja, nikazifuta, nikazisimamisha, na nilipomaliza nilirudi nyuma nikaziangalia zilivyojipanga. Niliogopa kidogo. Kitu kidogo hivyo kinaangusha mnyama anayeweza kupindua gari, na sasa kimelala kimya kikingoja kupandishwa mbinguni.

Shida ikawa mizani. Ya ranchi ilikuwa ya kupima fahali, ukiiwekea sanduku langu hata haikujua kuna kitu. Mdomo wangu ukatangulia tena. "Mizani ndogo iko," nikamwambia tajiri. "Mama yangu ananunua mbaazi na maharagwe kwa wakulima soko la Tawa, halafu anauza. Ni mama wa kanisa. Ile mizani unaweza kuiapia kama Biblia."

Nikaenda nyumbani. Ile mizani ilikuwa ya kutundika, yenye uso wa duara na mshale, na ilikaa kwenye msumari juu ya kitanda cha Mama tangu nikiwa mdogo. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Ndiyo iliyotulea, kwa sababu baba alikufa mapema na shamba letu kule mlimani limesimama wima kama ukuta. Nilimweleza Mama ninachotaka.

"Hapana," akasema.

"Kwa siku mbili tu, Mama."

"Mizani ya mbaazi haipimi risasi. Watu wa ndege wana zao." Na akaanza kuniuliza habari za watoto, kumaanisha mazungumzo yamekwisha.

Mimi nikikatazwa jambo ndipo huota pembe. Wiki iliyofuata Mama alikwenda na akina mama wenzake kwenye mkutano wa kanisa wa siku nne. Nikaja, nikaitoa kwenye msumari, nikaipeleka Malili. Nilitundika sanduku la kwanza. Tano kamili. La pili nikaongeza risasi mbili, nikatoa moja, mpaka mshale ukakaa kwenye tano bila kutikisika. Nikamtajia tajiri, akaandika kwenye fomu zake. Mama aliporudi, mizani ilikuwa kwenye msumari wake kama haijawahi kutoka.

Jumapili kabla ya safari Mama alinisimamisha kanisani Tawa. Jirani yetu, mjane mmoja mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akaniombea. Alimwambia Mungu aishike ile ndege chini kwa mkono mmoja na juu kwa mkono mwingine, isianguke wala isipande kupita kiasi. Kanisa lote likasema amina. Mama alikuwa akilia kwa furaha. Nilijiona mtu kweli kweli.

Uwanja wa ndege sitausahau. Kwanza ule ukubwa. Kupitia kioo niliiona ndege imesimama, na watu waliokuwa wakitembea chini ya bawa lake walikuwa kama siafu. Nilijiuliza, hiki kitu chenye uzito wa soko zima la Tawa kinapandaje? Nilitaka kumshika mtu mkono lakini hapakuwa na mtu wa kushikwa.

Tulipelekwa chumba cha kando. Kulikuwa na polisi mmoja na mama wa makamo mwenye sare ya shirika. Alifungua masanduku, akaangalia vibao vyangu, akaguna. "Hii ni kazi safi," akasema. Kichwa changu kikavimba. Kisha akaweka sanduku la kwanza juu ya mizani yao, bapa, haina hata mshale, namba tu zinawaka.

Sita.

Akalitoa, akalirudisha. Sita. Akaweka la pili. Sita.

"Karatasi inasema tano," akamwambia tajiri. "Mzee, hapa kuna kilo mbili hazikuandikwa."

Polisi aliyekuwa ameegemea ukuta akasimama wima. Tajiri akanigeukia. "Ulipima?"

"Nilipima."

"Kwa mizani ya mama yako," akasema.

Hapo ndipo nilipojua. Sikujua kidogo kidogo, nilijua yote mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Sanduku moja linaweza kukosea. Mawili hayawezi kukosea sawasawa. Mizani iliyosema tano penye sita ilikuwa ikisema hivyo hivyo kila siku ya soko, tangu mimi na ndugu zangu tukiwa watoto, kwa kila mwanamke aliyeteremka mlimani na gunia mgongoni.

Ningesema, "Ndiyo, tajiri, ni mizani mbovu," na jina langu lingebaki safi. Maneno yalifika kwenye meno. Nikaona kanisa lote limesimama, na Mama analia.

"Nilisoma vibaya," nikasema.

"Wewe?" Tajiri alisema polepole. "Unasoma unyayo wa juzi juu ya jiwe. Leo huwezi kusoma tano?"

Nilimwona akifikiria kwamba nilitaka kupitisha risasi za ziada kwa ujanja, niende kuziuza huko. Yule mama wa sare akasema zinazozidi zitolewe zibaki polisi, ziandikwe, dereva wa ranchi azifuate na kibali. Na kama kuandika hakutakwisha kabla ya ndege kufungwa milango, basi tutabaki nazo. Akaanza kuzitoa moja moja, polisi akiandika, na kwenye spika wasafiri wa Zambia walikuwa wakiitwa. Zilikuwa arobaini na kitu. Zililala pale mezani zikiwa rundo dogo linalong'aa, na mimi sikuona risasi tena. Niliona mbaazi. Niliona ile kilo moja ya kila mtu, imewekwa mezani mbele yangu na Serikali ikiiandika.

Tuliipata ndege tukikimbia.

Ilipoinuka, tumbo langu lilibaki chini. Halafu nikatazama nje, na ee Mungu wangu! Nchi yote ilikuwa imelala wazi. Niliona vilima vya buluu upande wa kwetu, nikasema vile ni Mbooni, ingawa huenda havikuwa. Barabara ya Mombasa ilikuwa uzi. Mtu hakuonekana hata mmoja, wala gunia, wala mizani. Nilistaajabu mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kustaajabu. Tajiri alikuwa kando yangu akisoma gazeti. Hakugeuka.

Huko Zambia nilifuata nyati vizuri, hakuna aliyelalamika. Lakini kila asubuhi tajiri alihesabu risasi mwenyewe kabla ya kunipa, na kila jioni alizihesabu tena. Hakuwahi kufanya hivyo kule Kitui. Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga.

Niliporudi nilipewa ruhusa ya siku tatu. Nilimkuta Mama uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliuliza ndege ilikuwaje.

"Mama, niliichukua mizani yako," nikasema. "Ulipokuwa kwenye mkutano."

Mikono yake ikasimama. "Nilikukataza."

"Ulinikataza. Walitoa kilo moja kwa kila sanduku. Nusura ndege ituache."

Kuku akaja akadonoa kwenye ungo, hakumfukuza. "Ukawaambia ni mizani ya nani?"

"Niliwaambia nilisoma vibaya."

"Mwaka aliokufa baba yako hatukuvuna," akasema. "Wewe ulikuwa ukilia njaa hata usingizini. Nikaikaza springi, kidogo tu. Nikajiambia mvua ikinyesha nitailegeza."

"Na mvua haikunyesha?"

"Ilinyesha." Akachukua jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Nyinyi mlikuwa bado mnakula."

Nilitaka kumfokea mama yangu mzazi. Nilikuwa na hasira, nikaogopa, nikamhurumia, vyote pamoja, na ule mdomo ulionitangulia duniani ukakosa neno. Kwa sababu ile kilo, nani aliila? Mimi. Hii miguu iliyomfuata ndovu siku tatu ilijengwa na ile kilo.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nilimbebea mizani na magunia mpaka Tawa. Muuzaji wa kwanza akawa yule jirani mjane, amekuja na mbaazi zake, ananisifu kwa ile sauti, "Ndege yangu imerudi! Mungu aliishika!" Tukatundika gunia lake dogo. Mama hakuangalia mizani. Aliniangalia mimi.

"Soma wewe," akasema. "Macho yangu siku hizi yana ukungu."

Mshale ulikuwa umetulia kwenye tano.

"Sita," nikasema.

"Sita?" Jirani akashangaa. "Gunia hili kila mwaka ni tano!"

"Huyu amepanda ndege," Mama akasema. "Watu wa ndege wanasoma vingine." Akamlipa za kilo sita.

Nyuma yake kulikuwa na wanawake wengi kwenye foleni, nami niliwasomea mpaka wa mwisho. Tulipokuwa tukikunja magunia Mama akaniuliza, bila kuinua uso, "Keshokutwa unarudi Malili. Nani atanisomea?"

Nikaenda kwa fundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara, nikaazima bisibisi. Nikapitia dukani, nikachukua pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, nikazitundika. Mama akaishika mizani kwa mikono yote miwili isitikisike, na mimi nikalegeza springi kidogo kidogo mpaka mshale ukasimama kwenye nne.