Mishale Sita ya Baba

Baba yangu hakuwahi kunipiga kwa hasira. Nalisema hilo mapema ili msije mkamdhania mlevi. Alinipiga kwa kipimo. Mshale mmoja ukizidi uzito kuliko wenzake, alinichapa nao huohuo kwenye vifundo vya vidole, mara moja tu, kisha akanirudishia niusugue upya. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nina cherehani yangu kwenye baraza la duka mjini Koboko, wateja wananiita fundi, na bado kila jioni niliingia nyumbani na kunyoosha mkono nipigwe.

Alikuwa askari zamani, na jeshini kazi yake ilikuwa ghala la silaha. Ugonjwa wake wa vipimo aliupata huko. Alilenga kwa bunduki ya masafa marefu katika mashindano ya vikosi, na hakuiamini risasi iliyokuja imefungwa ndani ya boksi. Alipenda kusimulia jinsi yeye na mkubwa wake walivyokaa mezani na mizani, wakipima baruti punje kwa punje, wakijaza maganda kwa mikono yao. Walipiga risasi tatu kwenye karatasi, wakapima zimeachana kiasi gani, wakarudi mezani. Wakitaka kubadili, wanabadili kitu kimoja. Ukibadili viwili, alisema, hujui ni kipi kimekusaidia na kipi kimekudanganya. Katika yote aliyonipa mzee yule, hilo ndilo peke yake ninalomshukuru.

Bunduki zilirudishwa serikalini, naye akarudi nyumbani na mguu mbovu na ghadhabu ya mtu asiye na cha kulenga. Ndipo akauchukua upinde wa marehemu mjomba wake. Kila mwaka baada ya mavuno watu walikutana kwenye uwanja mmoja Dadamu, nje kidogo ya Arua, wakashindana kulenga kigogo cha mgomba kutoka hatua tisini. Walikuja kutoka Ajia, kutoka Ayivu, wachache kutoka kwetu Koboko. Wengi walikuja kucheka na kunywa, na wakikosa walishangiliwa kuliko wakipata. Baba alikwenda kama anayekwenda vitani, hata viatu alivipiga rangi.

Shida yake ilikuwa macho. Kwa mbali aliweza kukwambia kunguru aliyetua juu ya bati la jirani ni mzima au kilema. Kwa karibu hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Mshale unatengenezwa kwa karibu, kwa hiyo alinihitaji. Ila wanaume wa pale walikuwa na imani yao kwamba mshale ulioshikwa na mwanamke hupotea njia, na ukijulikana kwamba umeshikwa, huruhusiwi kusimama nao mstarini kulenga. Basi nilifanya kazi ile chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, na majirani waliambiwa nashona sare za shule.

Nilikata matete kando ya kijito, nikayakausha darini miezi miwili, nikayanyoosha juu ya makaa. Kila tete nililiegemeza kwenye vigogo viwili, nikalitundikia jiwe katikati, nikapima kwa tepu yangu ya ushonaji limepinda kiasi gani. Lisilopinda sawa na wenzake nililiweka kando. Kwa uzito nilikwenda sokoni kwa mnunuzi wa dhahabu, mwenye kamizani kadogo kanakotambua hata unywele, nikamwambia napima vifungo vya gauni la harusi. Alijua naongopa, akanipimia hivyohivyo. Manyoya yalikuwa ya kanga, ya bawa la kushoto tu, maana ukichanganya na ya kulia mshale unayumba angani. Kisha Baba alipiga mitatu mitatu nyuma ya nyumba, mimi nikaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zilikuwa na viuno na mabega ya watu, za nyuma zilikuwa na mishale.

Ilituchukua viangazi vinne. Sehemu kubwa ya daftari lile ni makosa: tete gumu kupita kiasi, mshale unakwenda kushoto, tete laini, unakwenda kulia, chembe ya chuma, ile ncha ya mbele, nzito kidogo, unashuka mapema. Mwishowe nilipata mishale sita ambayo kutoka hatua tisini iliingia yote ndani ya upana wa sahani ya chai. Baba aliitazama ikiwa imesimama kwenye mgomba. Nilingoja aseme neno.

"Ya tatu iko pembeni," akasema. "Rudisha."

Alishinda Dadamu mwaka ule, akashinda uliofuata, akavimba kichwa. Wanaume walimzunguka wakipapasa mishale na kuuliza ni fundi gani. Alinyanyua kiganja chake chenye sugu akawaonyesha. "Hii. Mkono yangu." Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake, nimeshika jagi lake la maji.

Mwaka huo wa pili alikuwepo mwalimu wa shule moja ya Arua, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Shule yake ilikuwa inaanzisha kikundi cha kulenga kwa upinde, na alitafuta mtu wa kutengeneza mishale, mtu wa kukaa hapohapo, kwenye chumba chake mwenyewe, na kufundisha jinsi ya kuilinganisha. Nilipomsikia akitamka chumba, nilisogea hatua moja mbele na jagi langu. Chumba changu, Arua, mbali na Koboko, mbali na kichapo cha vifundo vya vidole.

"Mzee, tafadhali, wewe ndio natengeneza hii?" mwalimu akauliza.

"Ni mimi."

"Basi kuja fundisha sisi."

"Hii kazi hapana ya kufundisha. Iko ndani ya damu."

Wiki iliyofuata nilikwenda Arua kimyakimya na daftari langu. Mwalimu alinikaribisha kiti, akafungua kurasa za nyuma, akazisoma taratibu. Kisha akanirudishia. "Dada, mtu yoyote naweza andika kitabu. Na mzee mwenyewe alisema ni yeye, mbele ya watu. Mlete aseme ni wewe, kazi iko yako." Hakuwa ananidharau. Ningekuwa yeye, nami nisingeamini.

Basi nikamwomba Baba. Nilipika nyama, nikamnawisha mikono, nikapiga magoti nikasema yote: shule, chumba, neno moja tu kutoka kinywani mwake. Alimeza tonge lake kwanza.

"Niwaambie mwanamke nashika mishale yangu? Watanifukuza." Akapangusa midomo. "Halafu wewe naenda, mimi nabaki na nani? Wewe shona suruali ya watu."

Hakuwa hata amekasirika, na hilo ndilo lililonikata maini. Alisema kwa upole, akaomba chumvi.

Mwaka mzima nilishona suruali za watu. Kilipokaribia kiangazi nilitengeneza mishale mingine sita ya Dadamu, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imechakaa kwa mazoezi. Desturi yake ilikuwa kuiweka mipya bila kuipiga hadi siku yenyewe. Aliipapasa tu, akaipima kila mmoja kiganjani. Kwa hiyo uzito niliuacha sawasawa kabisa. Nikaharibu vingine. Sikuhitaji kubuni, maana nilikuwa na daftari zima la makosa, na mbele ya kila kosa nimeandika mshale uliangukia wapi. Nilichagua kama mteja anayechagua vitambaa. Mmoja tete laini. Mmoja manyoya ya mabawa mawili. Mmoja chembe nzito, na tete lake nikalikwangua hadi uzito ukarudi palepale. Wa sita niliupa tete gumu kuliko yote niliyowahi kukata, na niliusugua kwa mapenzi kuliko yote.

Nataka niwe mkweli hapa. Sikuwa na mpango wa kumthibitishia mtu chochote. Nilitaka achekwe. Nilitaka mzee yule asimame mbele ya uwanja mzima na viatu vyake vilivyong'aa, acheke kila mtu isipokuwa yeye, nami nimshikie jagi.

Alipapasa ile sita asubuhi ya safari, mmoja baada ya mwingine. "Leo sawa," akasema. Katika miaka yote ile hilo ndilo neno zuri pekee alilowahi kuniambia kuhusu kazi yangu.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wa kwanza ulikwenda kulia, ukapita kigogo bila kukigusa, na watu wakanyamaza kwa heshima. Wa pili uliyumba angani ukaanguka kwenye majani. Wa tatu ulipojichimbia mchanga hatua kumi kabla ya mgomba, mtu mmoja akacheka, na wengine walikuwa wanamngoja huyo mmoja. Wa nne, wa tano, uwanja mzima ulikuwa mikononi mwangu. Wanawake wa chai waliacha birika zao waje waone. "Mzee, macho imekwisha!" mtu akapiga kelele. "Enda pumzika!" Nilisimama na jagi langu, na nilikuwa na furaha. Sitaficha. Ilikuwa furaha tamu, ya kufa mtu.

Ndipo Baba akageuka. Alininyooshea mshale wa sita.

"Hapana macho yangu," akasema kwa sauti ya paredi. "Ni huyu. Huyu ndio natengeneza mishale. Mwanamke ameshika, ameharibu."

Neno lile nililiomba kwa magoti. Mwaka mzima nililiota, na alikuwa amelibana kifuani akisubiri siku ya kunitupia. Mishale iliyoshinda ilikuwa ya mkono wake. Hii inayochekwa ikawa yangu. Watu wakapasuka kucheka upya, sasa wakinitazama mimi, na mzee mmoja akatema mate upande wangu akisema ndiyo maana, ndiyo maana. Mwalimu alikuwa mbele kabisa, miwani yake ikimeta. Aliinamisha kichwa kwa aibu kwa niaba yangu. Chumba kile cha Arua nikakiona kinafungwa mlango.

Niliweka jagi chini.

"Ndiyo, ni yangu," nikasema. "Ile ya mwaka jana pia yangu, na ya mwaka juzi. Hii nimeharibu kusudi. Hiyo uko nayo mkononi itaenda kushoto. Itapita mgomba hatua mbili, itaingia kwa ile kichuguu."

Kilikuwepo kichuguu kweli, kikubwa, chekundu, upande wa kushoto na nyuma kidogo ya mgomba. Kicheko kilikatika. Watu walikitazama kichuguu, wakamtazama Baba, na mwalimu akainua kichwa.

Baba alinitolea macho muda mrefu. Sijui alikuwa anasoma nini usoni mwangu. Pengine kwa karibu vile hakuona kitu. Kisha akageukia mgomba. Ni hapo nilipotambua kwamba nimejikabidhi kwake. Angetikisa kidole kidogo tu, angeachia uzi wa upinde vibaya kwa kiasi ambacho hakuna mtu uwanjani angekiona, mshale ungekwenda kokote, na mimi ningebaki mwongo na mharibifu, na jioni tungerudi wote Koboko kwenye chumba cha nyuma. Alijua. Alikuwa mlengaji tangu kabla sijazaliwa.

Akavuta. Mguu mbovu haukutetereka. Mkono wa mbele ulitulia, wa nyuma ukafika shavuni palepale ulipofika maelfu ya mara, akashusha pumzi, na akaachia safi. Sijaona mtu akiachia uzi vile, hata yeye. Mshale ukaanza vizuri, ukaelekea kushoto taratibu, ukaupita mgomba, ukazama kwenye kichuguu hadi nusu ya tete.

Hakuna aliyeshangilia. Mwalimu alikwenda mwenyewe hadi kichuguuni, akapima kwa hatua kutoka kwenye mgomba, akarudi kwangu. "Jumatatu uje," akasema, lakini hakunitazama usoni aliposema, na tangu siku ile huwa hanitazami vizuri. Wanawake wa chai walinipisha njia kana kwamba nimebeba maiti. Kazi niliipata, na chumba, na ufunguo wake.

Baba nilimkuta pembeni ya uwanja, amekaa juu ya jiwe, anaufungua uzi wa upinde. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na nadhani nilitaka nipigwe.

"Ungetikisa mkono tu, Baba," nikasema. "Ningeonekana mwongo. Kwa nini hukutikisa?"

Aliuzungusha uzi kidoleni hadi ukaisha, akautia mfukoni.

"Kuharibu kitu kusudi?" akasema. "Mimi hapana kama wewe."