Meno Niliyoyachemsha kwa Magadi

Mimi sikumaliza darasa la tatu, lakini mtaa mzima wa Ngara, miaka ile ya sabini, hakukuwa na dobi wa kunishinda kwa weupe. Nilianza kufulia watu nyuma ya gorofa kwa beseni la kuazima, nikaishia na duka langu mwenyewe na wafanyakazi wanne. Makarani wa mjini waliwapita madobi wengine njiani ili mashati yao yafike kwangu. Siri ilikuwa moja tu: kitu cheupe nilikichemsha kwa magadi mpaka kikakubali.

Ndugu yangu mdogo, niliyemsomesha mimi mpaka akapata kazi ya ofisi, alipata msichana wa Kabiria, kule pembeni mwa mji. Baba ya msichana alikuwa mwenyeji wa pale pale, mwenye shamba na nyumba za kupangisha. Baba yetu sisi alikuwa ameshafariki, kwa hivyo msemaji wa kwenda kubisha hodi ni mimi. Sasa, sisi ni watu wa magharibi, na mimi niling'olewa meno sita ya mbele, ya chini, nikiwa mtoto. Ndiyo desturi ya kwetu. Ndugu yangu ilimpita kwa sababu ya shule. Akaniambia, "Kaka, kule hawaijui desturi hiyo. Watadhani ulipigwa kwa baa."

Basi nikaenda mjini nikatengenezewa meno ya bandia. Kijana wa meno akanieleza namna ya kuyaosha: brashi laini, sabuni, maji baridi. Nikaona huyu anataka kumfundisha dobi kufua. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, nikatoka.

Jumamosi ya safari niliyakuta yameshika rangi ya chai. Nikabandika sufuria, nikatia magadi kijiko kimoja, nikayatumbukiza. Mke wangu akachungulia.

"Baba, unapika meno ama mihogo?"

"Kaa kando, mama. Hii ni kazi yangu."

Yalitoka meupe, hilo sitakataa. Lakini ule ufizi wa bandia ulikuwa umepinda kama ukosi uliopigwa pasi vibaya. Nikayasukuma mdomoni hivyo hivyo, tukaenda, mimi, ndugu yangu na mjomba wetu.

Kabiria tulipokelewa vizuri. Nikasimama. "Wazee wetu, tumeona ua katika boma hili..." Meno yakainuka, yakataka kutoka. Nikayarudisha kwa kidole, nikaanza upya, yakainuka tena. Akina mama waliokuwa mlangoni wakafunika midomo kwa leso. Ndugu yangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijua akimkosa msichana huyu, mimi ndiye nimemkosesha. Mjomba akasimama ili aseme badala yangu.

Mzee wa boma, baba ya msichana, akainua mkono. "Wewe keti. Na wewe, bwana, toa hiyo kitu."

Nikaitoa mbele ya watu wote. Akaipokea, akaigeuza kiganjani. "Uliifanya nini?"

"Niliichemsha, mzee. Kwa magadi."

"Magadi!" akasema shangazi mmoja. "Si hiyo tunaweka kwa maharagwe?"

Mzee alicheka mpaka akajipangusa macho. Halafu akanirudishia. "Leo simpi mtu msichana. Rudini mwezi ujao. Lakini aseme huyu huyu, msiniletee mwingine. Mtu wa kujichemshia meno kwa ajili ya ndugu yake, nataka kumsikia."

Jumatatu nilirudi kwa yule kijana wa meno. Hakunicheka, nampa sifa yake. Akatengeneza mengine, na safari hii nilisikiliza. Maji moto huyapinda. Mchanga na majivu huyakwaruza, na uchafu hukaa mle kwenye mikwaruzo. Unatandika taulo ndani ya beseni, au unatia maji, yakikuponyoka yasivunjike. Unasugua polepole kwa brashi na sabuni ya kipande, unasuuza, na ukienda kulala unayaacha ndani ya kikombe cha maji baridi. Nikayafanya hayo yote kila siku, na nikayafanya vizuri kuliko mtu yeyote.

Mwezi uliofuata nilisema saa nzima bila kupumzika. Mzee alinikatiza mara moja tu, kuniuliza kama ndugu yangu anajua kufua. Nikamwambia hajui, lakini anajua kusoma. Akamwita msichana, akamwonyesha chai iliyokuwa mezani, akamwuliza kama tuinywe, maana kwao ndivyo msichana anavyoulizwa kama amekubali.

Akasema tunywe.