Fungu la Mchanga Lililozama Tukiwa Juu Yake

Uvumilivu uliniisha pale yule mwongozaji wa boti alipocheka. Mama mkwe alikuwa ameshavutwa ndani ya boti. Mimi maji yalikuwa kifuani, nimemnyanyua binti yangu juu ili apokelewe, na mwanamume mzima akacheka. "Watu wa mlimani mnaogopa maji mpaka basi." Nikamkabidhi mtoto kwanza. Nikapanda. Kisha nikamkamata ukosi wa fulana, sikumwachia mpaka mume wangu alipovifungua vidole vyangu kimoja kimoja.

Nieleze ilivyokuwa, maana huku kwetu milimani, Mgwashi, inasimuliwa kama kichekesho.

Tulishuka Tanga mimi, mume wangu, mama yake na binti yetu wa miaka minne, tukalipia safari ya boti ya siku nzima: ufukwe wa kisiwani, chakula, na kutazama samaki chini ya maji kwa miwani na bomba la kupumulia. Kabla ya chakula boti ilisimama kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari. Mchanga mweupe, hakuna mti wala jiwe. Mwongozaji akasema wanaokwenda kwenye samaki wabaki botini, wasiotaka washuke wapunge upepo, anarudi sasa hivi. Mume wangu akaenda. Tulioshuka ni sisi watatu tu, na kapu la peasi ambalo mama mkwe alikataa kuliacha botini.

Boti ikawa nukta. Baadaye hata nukta sikuiona.

Kimya kile sijakikuta tena. Kwetu hakuna kimya. Kuna mbuzi, kuna majani, kuna mtu anakohoa ng'ambo ya bonde. Pale hata mtoto akiongea sauti haikwenda mbali, ilimezwa palepale. Upande wa bara milima yetu ilionekana, ya buluu, nyembamba, na nikapata wazo baya kwamba hivi ndivyo waliokufa wanavyotazama nyumbani.

"Mama, mchanga unapumua," binti akasema.

Nikatazama. Vishimo vidogo vilikuwa vinafunguka na kutoa mapovu. Kaa waliokuwa wakikimbiakimbia hawakuwepo. Kanga niliyotandika ilikuwa imelowa ukingoni. Nikaivuta juu. Nikaivuta tena.

"Maji yanakuja," nikamwambia mama mkwe.

"Yatoke wapi? Mvua imenyesha?"

"Hii bahari, mama."

"Mafuriko yana kelele. Tutayasikia, tutaondoka."

Na mimi niliyefika kidato cha nne nikaketi nikasikiliza. Ndivyo tulivyokua: mvua ikipiga huko juu, kijito kinanguruma kabla hakijafika, unabeba mtoto unapanda. Kupwa na kujaa nilifundishwa darasani, nikajibu na mtihani. Lakini masikio yangu hayakwenda shule. Tuliketi tumeinamisha vichwa tunasubiri ngurumo, na maji yalipanda pande zote, vuguvugu, hayana hata povu.

Kapu likaelea. Peasi zikatoka moja baada ya nyingine, zikaenda kwa mstari upande mmoja, utadhani zimeitwa. Mama mkwe akazitazama, akaanza kusali kwa Kishambaa, chini chini. Nikampandisha binti mabegani. Mchanga niliusikia kwa nyayo, lakini kwa macho haukuwepo. Palikuwa na bahari tu, na sisi tumesimama ndani yake.

"Tunakwenda wapi?" mtoto akauliza.

"Hatuendi popote."

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba walipotuona kwa mbali, abiria mmoja aliomba boti igeuzwe. Alisema wale si watu, watu hawasimami katikati ya bahari. Na boti ilipunguza mwendo kweli, mpaka mume wangu akaanza kupiga kelele kwamba ni mke wake.

"Si nimerudi?" mwongozaji alisema, ukosi ukiwa mkononi mwangu. "Pale hajawahi kufa mtu."

"Utajuaje? Maji yakishafunika, ungekuta nini?"

Tukarudi Tanga.

Pale boti zinapotia nanga kuna ofisi, na mzee mmoja mezani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akasikiliza, akauliza nani ameumia.

"Hakuna."

"Sasa mama, nitaandika nini? Mmerudi wote."

Mama mkwe, nguo bado zinachuruzika, akavuta kiti akakaa. "Andika tu, baba. Sisi hatuna haraka ya kupanda mlima."

Mzee akanisukumia karatasi. Niliandika mwenyewe:

"Ninalalamika rasmi kwamba mwongozaji wa boti aliniacha mimi, mwanangu na mama mkwe wangu kwenye fungu la mchanga maji yakijaa. Alijua kwamba fungu hilo hufunikwa. Sisi hatukujua, na hakutuambia. Hakutuachia majaketi okozi wala mtu wa kukaa nasi. Sidai nauli yangu. Nataka boti isiondoke pale ikiacha mtu hata mmoja, na nataka mwongozaji huyu aitwe leo, aulizwe mbele yangu. Niko hapa nje ya mlango."