Boti Iliyozama Nyamugari

Hamissi Waziri nilimjua Muyinga, mwaka wa uhuru, sote tukiwa watoto. Adhuhuri moja jiko la mama yake lilishika moto. Mama akapiga induru, yowe moja tu, na watu wa kilima kizima wakashuka na mitungi ya maji. Siku hizo aliyesikia induru akabaki ndani aliaibika mpaka kaburini. Leo watu wanasikia, kisha wanafunga mlango.

Hamissi alikuja kuwa fundi wa redio hapa Gitega, katikati ya Burundi, mbali na ziwa lolote, mtaa wa Nyamugari. Sheria yake ilikuwa moja: kitu hakitoki mezani kabla hakijalia.

Mwaka 2011 mkwewe Radjabu, makanika wa boti ya mizigo ya Ziwa Tanganyika, alimletea chombo cha manjano, kama chupa ya chai yenye antena. Boti ikizama, alieleza, chombo hiki huita setilaiti, nayo huwaambia waokoaji boti ni ya nani na iko wapi. Betri yake ilikuwa imekufa.

"Bosi anasema utie betri yoyote, Baba. Inspekta wa bandari anataka kuona taa tu. Ijumaa tunavuka ziwa kwenda Kalemie."

Mkewe Radjabu, Kulthumu binti Hamissi, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Hamissi aliunganisha betri za tochi, akakipandisha chombo juu ya bati kama redio isiyokamata, akakiwasha. Taa ikamemeteka. Sauti, hakuna.

"Bubu huyu," akasema, akarudi kwenye chai.

Glasi ya pili haijaisha, simu ya Radjabu ikalia. Bosi alifoka hadi majirani wakasikia: "Nimepigiwa toka nje! Wanasema boti yangu inazama Gitega! We uko wapi?"

"Mi niko kwa baba mkwe, bosi. Huku hata maji ya bomba hakuna."

Mtaa ulicheka. Hamissi hakucheka. Alipanda juu ya bati, akakuta taa imeanza kufifia.

"Kumbe kinalia," alisema taratibu. "Na kuna mtu huko mbali amesikia, akauliza."

"Bon, si iko inafanya? Nipe, Baba."

"Inafanya kwa muda wa chai. We ukiwa majini utangoja muda gani?"

Akakifungua, skrubu akazitia mfukoni. "Kalete betri yake ya kweli."

"Nitafukuzwa!"

"Fukuzwa."

Alifukuzwa. Ijumaa boti iliondoka na makanika mwingine, ikapita kwa inspekta namna wanavyojua wenyewe, ikafika Kalemie salama. Kulthumu alimkumbusha baba yake jambo hilo kila siku, mwezi mzima.

Kisha mtoto akazaliwa. Radjabu alimwinamia, akamwadhinia sikioni kwa sauti ndogo. Hamissi alisimama mlangoni, mkono mfukoni penye zile skrubu, akasikiliza mpaka mwisho.